Vichupa Viwili vya Lwitiko Mwasanga

Vijana wa maabara, mmenicheka miaka mingi kwa swali moja. Mgonjwa akiketi, namwuliza jina, naliandika, halafu naweka kalamu chini na kumwuliza tena: "Na mama yako alikuita nani?" Mnasema nachelewesha foleni. Mmoja wenu alisema, nami nikiwa nyuma ya mlango, kwamba mama huyu angefaa kwenye sensa. Nilisikia. Sasa nimestaafu, nina muda na daftari tupu, basi nitawaeleza swali hilo lilitoka wapi. Majina ya watu nimeyabadilisha na hospitali siitaji. Waliofanya kazi pale wataitambua kwa harufu ya mafuta ya taa.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, mashati ya mitumba yalipoanza kujaa gulioni Kyela na sabuni ilipoacha kuwa kitu cha kupangia foleni. Nilifika siku ya mvua, viatu mkononi, barua ya ajira nimeivisha mfuko wa nailoni. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama migomba, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja, Bwana Gondwe, mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likawa la kijivu. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mto, Malawi, upande wa Karonga, lakini alikuwa amekaa kwetu muda mrefu kiasi cha kunisalimia kwa Kinyakyusa kabla sijafungua mdomo. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alifungua friji.

Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, yenye kijimwali kidogo cha moto wa buluu chini ambacho ilibidi kukichungulia kwa kulala kifudifudi sakafuni. Ndani hamkuwa na chakula wala dawa. Mlikuwa na vichupa vidogo vya kioo, vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na plasta yenye jina la mtu kwa mwandiko wa Bwana Gondwe. Yalikuwa maji ya damu, yale ya rangi ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda.

"Hawa ndio wakazi wetu," akasema. "Kila anayetoa damu hapa, tunabaki na kidogo chake. Siku ikitokea shida tunarudi kumwuliza."

Halafu akainama mbele ya friji na kusema taratibu, "Mugonile," salamu ya asubuhi ya kwetu, kama mtu anayepita barazani kwa jirani. Nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki ile ile nikakiangusha kichupa kimoja, kikapasuka, na Bwana Gondwe akatazama sakafu, akaniambia, "Umemwangusha mtu. Futa kwa dawa, halafu andika jina lake ili tumwombe tena." Tangu siku hiyo nilishika vile vichupa kwa mikono miwili.

Kazi yetu kubwa kwa watu wazima ilikuwa kupima damu kabla haijaingia kwa mgonjwa, na kipimo kilichonifundisha woga ni kile cha homa ya ini. Ninyi mnachovya kijiti, mnahesabu dakika, mnaona mstari. Sisi tulikuwa na sahani ya plastiki yenye vishimo vingi. Unatia tone la maji ya damu ya mtu kwenye kishimo, unatia tone la dawa yenye chembe nyekundu zilizoandaliwa, halafu unaiacha. Ndiyo kazi yote, kuiacha. Chembe hushuka zenyewe polepole. Kama mtu hana kirusi, zinakusanyika chini katikati na kuwa kidoti kimoja chekundu. Kama anacho, zinashikana zikiwa njiani na kutandaa kishimo kizima. Bwana Gondwe aliita hali hiyo mkeka. "Mkeka umetandikwa," angesema, na mimi nilijua kuna mtu mahali fulani, analima mpunga wake hana habari, ambaye tungemwita na kumkalisha.

Sahani ile haikutaka kutikiswa. Alikuwa ameijengea meza ya zege yenye msingi wake peke yake, isiyogusana na ukuta. Kwa saa mbili hakuna aliyetembea kwa viatu, hakuna aliyefunga mlango kwa nguvu. Tulikaa, tukasikiliza matone ya mvua kwenye migomba, na mbele yetu majina ya watu yalikuwa yanashuka. Siku moja kulikuwa na msiba nyumba ya jirani, na ngoma zikapigwa toka asubuhi. Tulipokwenda kusoma, vishimo vyote vilikuwa vimevurugika, hakuna kidoti wala mkeka. Bwana Gondwe alimwaga kila kitu, akasema hatupimi walio hai wakati wanazikwa wengine, na tukarudia siku ya pili yake. Nilikuwa kijana, nikajiambia ni mtikisiko tu wa ardhi. Bado najiambia hivyo.

Benki ya damu hatukuwa nayo. Benki yetu ilikuwa watu wenyewe, waliokaa majumbani mwao na damu yao mpaka tutakapoihitaji. Mtu akishapimwa na kuonekana safi, tulimpa kadi ya njano yenye jina, kundi la damu na matokeo. Siku ya dharura mlinzi alipanda baiskeli na kwenda kuwaita. Na hapa Bwana Gondwe alikuwa na sharti lake, ambalo alilirudia mpaka likanichosha. Kadi inakufa siku ile ile inapoandikwa, alisema. Mwenye kadi apimwe upya kila anapotoa. Kama mgonjwa hawezi kusubiri saa mbili, basi walau uwe na hakika kuwa mwenye kadi ndiye yule uliyempima.

Kati ya watu wa kadi za njano nilimpenda zaidi Lwitiko Mwasanga wa Makwale. Alikuwa na kakao kidogo na migomba, lakini riziki yake hasa ilikuwa baiskeli, aliyovukia mto Songwe kwenda kwa shemeji zake Malawi na kurudi na sabuni na betri za redio. Alivaa koti la kahawia la mtumba lenye kifungo kimoja cha buluu kati ya vya kahawia. Alitoa damu mara tatu, kundi O, na mara zote tatu kishimo chake kilikuwa kidoti kizuri. "Dada Tupo, ninyonye taratibu," alikuwa akiniambia, Tupo ndilo jina langu, "nina safari." Akimaliza kunywa soda alisema ndaga fijo, asante sana, kana kwamba sisi ndio tuliompa kitu.

Masika moja Songwe ulimchukua. Baiskeli ilionekana kwanza, imeegemezwa kwenye mti kando ya mto, sabuni zimefungwa vizuri nyuma, kama mtu aliyeshuka kunawa miguu. Mwenyewe alipatikana siku ya tatu.

Nilikwenda kuzika. Sasa, kwa wale wenu mliotoka mbali, yako mambo ambayo koo nyingine za kwetu ziliyashika hata baada ya kubatizwa, na waliyaacha nje ya mlango wa kanisa bila kumgombeza mtu. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walimsimamisha mdogo wake marehemu, kijana mrefu mkimya aliyeitwa Ipyana, wakamvika lile koti la kahawia, wakamkabidhi jembe, baiskeli na nyumba, na wakamkalisha mahali pa kaka yake. Mjane, Subilaga, akamletea maji. Halafu watu wote wakapanga mstari kumsalimia. "Ugonile, Lwitiko." Na yeye akaitika. Toka saa ile Ipyana hayupo. Mwasanga hakufa, amekalia kiti chake, watoto wana baba. Kumwita kwa jina la zamani ni sawa na kumfukua marehemu na kumweka uani watu wakiwa wanakula.

Nami nilipanga mstari. Nilimpa mkono, nikasema, "Ugonile, Lwitiko," na akanijibu kwa sauti iliyofanana na ya kaka yake hata nikaogopa.

Niliporudi kazini Bwana Gondwe aliniambia nipige mstari jina la marehemu kwenye daftari na kutoa kichupa chake. Nilishika kalamu. Sikuweza. Nilikuwa nimetoka kumsalimia mtu kwa jina lile, tena mbele ya wazee, na kupiga mstari ilikuwa kama kusema wote tulikuwa tunaigiza. Nikasema nitafanya kesho. Hilo, vijana wangu, ndilo kosa lenyewe. Mgeni kutoka mbali angepiga mstari bila kufikiri akaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata, siku moja saa sita mchana, mbingu imeshuka nyeusi mpaka tumewasha karabai, daktari aliingia maabara mwenyewe. Mwalimu Tumpe wa shule ya Busale amejifungua, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Kundi O. Bwana Gondwe alikuwa ng'ambo akimwuguza mama yake, nami nilikuwa peke yangu, na yangu ya kundi hilo nilikuwa nimeitoa wiki tatu nyuma. Mlinzi akaondoka na baiskeli na majina mawili ya watu wa karibu kutoka kwenye daftari. La kwanza lilikuwa la mfanyabiashara wa vyungu aliyekuwa ameondoka asubuhi kwenda sokoni Lyulilo. La pili ni lile ambalo sikulipigia mstari.

Alifika amelowa, koti la kahawia, kifungo cha buluu. Alisimama mlangoni na kutoa kadi ya njano kwa mikono miwili. Kadi ilikuwa miongoni mwa vitu alivyokabidhiwa pamoja na jembe.

"Mimi ni Lwitiko Mwasanga," akasema. "Nimeitwa."

Nilijua ni nani. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua kwamba mkono ulio mbele yangu sijawahi kuutoa hata tone. Nilifungua mdomo nimwulize kama yeye, yeye mwenyewe, amewahi kupimwa, na maneno hayakutoka, kwa sababu yangemtaja mtu ambaye ukoo mzima ulikubaliana kwamba hayupo. Daktari akauliza kutoka koridoni, "Tupo! Ana kadi?" Nikasema anayo. "Safi?" Nikasema kadi ni safi. Nilitoa damu, nikailinganisha na ya mgonjwa haraka, zikaelewana. Nikaandika jina kwenye mfuko, L. Mwasanga, nikampa nesi. Mfanyabiashara wa vyungu alifika nusu saa baadaye, anahema, mfuko ukiwa umeshaingia nusu.

Damu ya Tumpe ikakata. Watu wakashangilia. Mimi nilirudi kwenye meza ya zege kufanya kile ambacho kingetakiwa kifanyike mwanzo. Dawa ya kulinganishia, ile inayokuonyesha mtu safi anavyoonekana, ilikuwa imekwisha, na Bwana Gondwe alinifundisha nikikosa nitumie mkazi mmoja tunayemwamini. Niliingiza mkono kwenye friji bila kutazama. Sijui kwa nini mkono ulikwenda pale. Kichupa kilichotoka kilikuwa cha Lwitiko Mwasanga.

Kwa hiyo nilitia tone la marehemu kwenye kishimo kimoja, na tone la yule aliyetoka mlangoni muda si mrefu kwenye kishimo cha pili. Kwenye karatasi nililazimika kuandika jina lile lile mara mbili. Nikakaa. Mvua ilikuwa imekoma ghafla, hata migomba haikudondosha tone. Kwa saa mbili nilisikia kama kuna mtu amesimama nyuma yangu anasubiri majibu yake, na sikugeuka, kwa sababu sikutaka kuona koti lile.

Kishimo cha kwanza kilikuwa kidoti. Cha pili, mkeka umetandikwa kishimo kizima. Mtu aliyekufa alikuwa mzima, na aliye hai alikuwa na kirusi, na wote wawili walikuwa jina moja, na nusu lita ya mmoja wao ilikuwa tayari ndani ya Mwalimu Tumpe.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Niliogopa, na pia niliona aibu, na aibu ilikuwa nzito zaidi. Bwana Gondwe alirudi na kunikuta sijala. Alisikiliza yote, hakupaza sauti. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, na daktari akamwambia Mwalimu Tumpe kwamba damu aliyopewa huenda ilikuwa na homa ya ini, kwamba watu wazima wengi mwili huishinda wenyewe, na kwamba aje kupimwa kila mwezi. Chanjo ya watu wazima kwetu wakati huo ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Tumpe aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza damu ilikuwa ya nani. Nilishukuru sana kwamba hakuuliza.

Mwezi wa tatu tangu apewe damu, aliletwa amelala juu ya machela ya kienyeji, macho ya njano kabisa, mikono ya njano hadi viganjani. Daktari alisema ini linapigana na linaweza kushinda, ila lazima ale na anywe. Yeye hakula. Siku tatu alikataa uji, akakataa mbalaga, zile ndizi za kupika za mama yake, akageukia ukutani, na mtoto alikuwa amepelekwa kwa bibi. Mama yake alinishika mkono koridoni. "Mwanangu anajiandaa, dada. Ameniambia nguo atakazovaa."

Niliingia kuchukua damu. Tumpe alinitazama na macho yale.

"Dada, wewe ndiye uliyeandika kwenye ule mfuko," akasema. "Mwandiko wako. Mimi ni mwalimu, nasoma chochote kilicho mbele yangu. Nililala pale natazama juu, nasoma L. Mwasanga, tone kwa tone linaniingia. Lwitiko alikuwa akiniletea betri za redio kutoka ng'ambo. Nilikwenda kumzika."

Nilirudisha sindano kwenye trei.

"Mlinipa damu ya marehemu kutoka kwenye ile friji yenu. Watu wanajua mnaweka. Sasa amekuja kuchukua iliyo yake. Namsikia asubuhi akipiga kengele ya baiskeli. Usinipe uji. Ni wake, sio wangu."

Miezi mitatu Tumpe alikuwa amebeba neno hilo akinyonyesha nalo, kwa sababu ya jina ambalo sikulipigia mstari. Ningeweza kumwambia ilikuwa damu ya mdogo wake Lwitiko, lakini sisi wawili ni wenyeji, tulijua hayo yangekuwa maneno tu. Mbele ya watu mtu yule alikuwa Lwitiko, na Lwitiko alikuwa kaburini. Neno lilitakiwa litoke kinywani mwa mwenye damu mwenyewe.

Nilikwenda Makwale kwa baiskeli ya mlinzi. Niliwakuta wakianika kakao, yeye na Subilaga. Nilianza na lililokuwa haki yake, kwamba damu yake ina homa ya ini, kwamba apunguze pombe, na kwamba mkewe apimwe. Alisikiliza akigeuza mbegu kwa mguu.

"Ni damu ya Lwitiko hiyo, au yangu?" akauliza.

"Ya Lwitiko nimeipima. Ni safi. Hii ni yako wewe."

Aliacha kugeuza mbegu. Halafu uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea, akacheka kidogo na macho yakajaa machozi. "Kumbe bado nipo," akasema.

Nikamweleza kuhusu Tumpe na kile nilichokuja kuomba. Subilaga aliinuka kutoka kwenye jamvi. "Dada, wewe ni mtu wa huku," aliniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Unajua unachoomba? Akilitamka lile jina la zamani, mimi ni mke wa nani? Hawa watoto niwaambie baba yao yuko wapi?"

Nilimwambia najua. Nilimwambia yuko mama mwingine, ana mtoto wa miezi mitatu, na kesho kutwa tutamzika kwa sababu sote tumeshika adabu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Subilaga alitazama kakao, akatazama nyumba. Mwishoni akamsogelea mumewe na kumfungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka kile cha buluu. Alilikunja, akaliweka kifuani. "Nenda nalo mkononi," akasema. "Ukirudi getini kwetu uvae."

Alisimama kando ya kitanda cha Tumpe akiwa na shati tu, koti mkononi. Bwana Gondwe alikuwapo, mama wa mgonjwa, na mimi. Midomo yake ilijaribu mara mbili, kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoiacha utotoni.

"Mimi ni Ipyana," akasema. "Lwitiko amelala Makwale nyuma ya migomba, nilimshusha kwa mikono yangu. Damu uliyopewa ni ya kwangu. Ina ugonjwa, sikujua, unisamehe mwalimu. Lakini ni ya mtu aliye hai. Nishike."

Tumpe alinyoosha mkono wa njano na kushika kiganja chake. Alikishika muda mrefu, akakigeuza, akabonyeza pale mshipa unapopiga. "Kina joto," alimwambia mama yake. Baada ya hapo akauliza kama ule uji bado upo.

Alilala wodini wiki tatu zaidi. Manjano ilishuka polepole, kuanzia viganjani, ikamalizikia machoni. Mwezi wa saba tangu mfuko ule tulitia tone lake kwenye kishimo, na kwa saa mbili nilikaa mbele ya sahani nimeshika kingo za kiti. Bwana Gondwe ndiye aliyesoma, mimi niliogopa kuinama. "Kidoti," akasema, akavua miwani na kuifuta kwa koti lake la kijivu. Nililia mbele yake bila aibu yoyote. Subilaga naye alipimwa akawa safi, na mtoto wa Tumpe vilevile.

Ipyana alivaa koti lake na kurudi kuwa Lwitiko, na hapo kijijini hakuna aliyewahi kulisema jambo lile. Ila alikuja maabara mara moja kwa mwaka, na mlango ukishafungwa nilimwita jina lake. Kichupa chake nilikiandika hivyo, nikakiweka pembeni ya cha kaka yake. Mkeka wake haukuondoka. Bwana Gondwe alikuwa ameshastaafu na kuvuka kwao, na maduka binafsi ya dawa yalikuwa yamejaa mjini Kyela, kila duka na kipimo chake cha dakika kumi, tumbo la Ipyana lilipoanza kuvimba. Hakukuwa na dawa ya kumpa wakati ule. Tulimzika nyuma ya migomba ile ile.

Matanga yalipokwisha, walimsimamisha mdogo wao wa mwisho na kumvika lile koti. Mstari ukapangwa. Nilisimama ndani yake mpaka zikabaki hatua tatu, nikashindwa, nikaenda kukaa na akina mama jikoni.

Mwezi haujaisha, asubuhi, nikiwa peke yangu, nilisikia kengele ya baiskeli nje. Mlangoni alisimama mtu mrefu, koti la kahawia limepauka mabegani, kifungo cha buluu. Alinyoosha kadi ya njano kwa mikono miwili, imechanika kwenye mikunjo. Mwandiko juu yake ulikuwa wangu, wa ujana wangu.

"Mimi ni Lwitiko Mwasanga," akasema.

Nilimkaribisha, nikafunga mlango, nikaandika alichosema. Halafu nikaweka kalamu chini na kwa mara ya kwanza nikauliza lile swali mnalolicheka, mama yake alimwita nani.

Alitazama mlango. Alitazama dirisha na migomba. Akainama mpaka karibu na sikio langu na kuniambia, kwa sauti ndogo kabisa. Jina lenyewe silisemi hapa, liko kwenye daftari, kwa wino. Nilifunga mpira juu ya kiwiko chake, nikachukua sindano, na nilipokaribia mkono akaurudisha.

"Dada," akasema, "litaje mara moja, nilisikie."

Nikalitaja. Akanyoosha mkono.